Milola na Nchi Iliyo Nyuma ya Lindi: Somo la Jiografia na Historia

Wasomaji wetu, katika nchi ya Uswisi, iliyo kati ya milima mirefu ya Ulaya, kiko kitabu kikubwa cha historia ya nchi ile, juzuu 13, zilizopigwa chapa tangu mwaka 2002 hata 2014 kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Ndani ya kitabu hicho kila kijiji chenye baraza lake kimepewa mahali pake, hata kikiwa ni kijiji cha nyumba chache mlimani. Mtoto wa huko akitaka kujua babu zake walilima nini, walitawaliwa na nani, na njia ya kijiji chao ilipita wapi, hufungua kitabu akasoma.

Sisi wa Kusini hatuna kitabu cha namna hiyo. Mtoto wa Milola shuleni hufundishwa habari za Kilwa, na Zanzibar, na Misri ya kale, na ni vema afundishwe. Walakini akiuliza, "Na sisi je?" mara nyingi huambiwa ya kuwa kijiji chetu hakina historia. Jawabu hilo si kweli. Historia ipo, ila haikukusanywa. Katika somo hili twataka kuonyesha jinsi mwalimu, au mzee, au kijana ajuaye kuandika, awezavyo kuitafuta katika vitabu vitatu: cha kwanza ni ardhi yenyewe, cha pili ni maandishi ya wageni, cha tatu ni vinywa vya wazee. Tutachukua Milola kuwa mfano, pamoja na nchi inayoizunguka.

1. MAHALI PAKE

Milola ni kata ya Mkoa wa Lindi, nayo iko bara, nyuma ya mji wa Lindi, si pwani. Mtu atokaye bandarini akielekea machweo huacha minazi na upepo wa bahari, akaanza kupanda na kushuka vilima, hata akafika katika nchi ya Wamwera. Mito miwili mikubwa huifunga nchi hii: upande wa kaskazini Mbwemkuru, na upande wa kusini Lukuledi. Yote miwili hutoka bara ikaingia Bahari ya Hindi. Kati ya mito hiyo yamesimama magenge mapana yaliyo tambarare kwa juu, kama meza: Rondo, Noto, Likonde na mengine. Rondo ndilo refu kupita yote, nalo hupata karibu mita 900 juu ya bahari.

Mvua za nchi hii huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba, zikaendelea hata Aprili au Mei. Kisha huja kusi na kiangazi kirefu. Kwa hiyo mkulima ana msimu mmoja tu wa kupanda. Mvua zikikatika mapema, hana nyingine ya kungojea kabla ya mwaka mwingine.

2. ARDHI NA MAJI

Twende sasa katika kitabu cha kwanza. Mwalimu na awatoe watoto nje, awaonyeshe mchanga na mawe ya genge. Mawe mengi ya nchi hii ni ya mchanga na ya chokaa, yaliyolazwa tabaka juu ya tabaka na mito na bahari zamani za kale, wakati pwani ilipokuwa mahali pengine kabisa. Baadaye ardhi iliinuka, na mito ikaikata. Ndiyo sababu leo twaona magenge na mabonde.

Jambo hili si elimu ya kujifurahisha tu. Mchanga ulio juu ya magenge hunywa mvua upesi. Maji huzama chini, kisha hutokeza kando ya genge au chini yake katika chemchemi. Basi juu kuna shamba jema na hewa nzuri, lakini maji ni haba. Chini kuna maji, lakini kuna mbu pia. Tangu zamani watu wa huku wamelazimika kuchagua kati ya hayo mawili, na wanawake wa juu wamepanda na kushuka na mitungi yao. Ukitaka kujua kwa nini kijiji fulani kimekaa hapa wala hakikukaa pale, uliza kwanza maji yake yalichotwa wapi.

Upande wa Rutamba kuna ziwa, na karibu nalo msitu wa Litipo. Miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani mmoja, Hans-Joachim Schlieben, alikaa karibu na ziwa hilo, kilomita 40 hivi kutoka Lindi, akikusanya majani, maua na matunda ya porini. Aliyakausha, akayapeleka Ulaya, na hata leo wataalamu wa mimea hulisoma jina la ziwa letu katika karatasi zake.

Misitu hii inaye mnyama ambaye watu wengi wa Lindi hawajapata kumwona kwa sababu hutembea usiku. Ni komba mdogo sana, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana. Wataalamu walimpa jina la Rondo katika miaka ya 1990. Anaishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania tu, Rondo na Litipo ikiwa miongoni mwake. Naye yumo hatarini, maana makao yake yanapungua. Mivule mikubwa ya Rondo ilikatwa sana baada ya Vita Kuu ya pili, ikapasuliwa mbao. Aukataye msitu wa mwisho wa huku haondoi kuni tu. Yawezekana anaondoa kiumbe ambaye hatapatikana mahali pengine.

3. WATU NA NJIA

Wenyeji wa nchi hii walio wengi ni Wamwera, na pamoja nao wamekaa Wayao, Wamakonde, Wamakua, Wangindo na watu wa pwani. Kwa desturi ya zamani ya Wamwera mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na neno kubwa katika mambo ya nyumba. Hapakuwa na mfalme mmoja wa Wamwera wote. Kila mahali palikuwa na mkubwa wake, aliyeheshimiwa kwa sababu ukoo wake ulitangulia kufyeka pori lile.

Hapa twaanza kukifungua kitabu cha pili, maandishi ya wageni, na mara twaona upungufu wake. Kilwa imeandikwa tangu zamani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akausifu mji na sultani wake. Lakini watu wa bara katika maandishi yake ni watu wa kushambuliwa na kutekwa tu. Majina yao hayamo, wala mashamba yao. Hivyo ndivyo watu wa bara walivyoingia katika vitabu kwa mara ya kwanza.

Katika karne ya 19 misafara mikubwa ilitoka Ziwa Nyasa ikashukia Kilwa Kivinje na Lindi, na watumwa wengi walipitishwa katika njia hizo. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukataza kuwasafirisha watumwa baharini, na mwaka 1876 akakataza misafara yao ya bara. Walakini utumwa wenyewe haukufutwa katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Tena Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, walishambulia vijiji. Mwaka 1882 waliupiga mji wa misheni wa Masasi. Kwa hofu hiyo watu wengi walijificha katika magenge na vichaka. Basi ile miinuko tuliyoitaja katika jiografia ndiyo iliyokuwa ngome ya babu zetu.

Biashara nyingine ilikuwa ya mpira wa porini na sandarusi, ambavyo watu wa bara walivikusanya wakaviuza pwani. Kwa njia hiyo nguo, chumvi, baruti, lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu viliingia bara pole pole, vikichukuliwa na wachuuzi na jamaa zao zaidi kuliko na majeshi.

4. VITA VYA MAJIMAJI

Wadachi waliushika mji wa Lindi mwezi wa Mei 1890. Baadaye kidogo walileta kodi ya nyumba, na maakida wa kuitoza, na kazi za kulazimishwa, na mashamba ya pamba ambayo watu walilima kwa faida ya wengine. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa ili risasi zigeuke maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kuenea. Katika mwezi ule wa Agosti Wamwera nao wakainuka, na misheni ya Nyangao ikachomwa.

Waliokufa kwa risasi hawakuwa wengi kama waliokufa baadaye kwa njaa. Majeshi ya serikali ya Wadachi yalichoma vijiji na ghala, yakaharibu mashamba, ili watu wasalimu amri. Wadachi wenyewe walikubali ya kuwa walikufa watu 75,000 katika nchi yote iliyopigana. Wataalamu wa baadaye wamehesabu 250,000 na zaidi. Mahali palipokuwa na vijiji palirudi kuwa pori, na wanyama wakali wakaongezeka.

Twamwomba mwalimu asipite upesi hapa. Mazao yalichomwa baada ya kuvunwa au kabla? Watu walikula nini porini? Nani alirudi, na nani hakurudi? Majibu ya maswali hayo hayamo kamili katika taarifa za maofisa. Yalikuwa katika vinywa vya bibi zetu, na machache yamesalia kwa wajukuu zao.

5. MIFUPA YA TENDAGURU

Sasa twafika katika jambo ambalo limeitangaza nchi hii duniani kote, nalo halijulikani sana kwetu. Kaskazini ya magharibi ya Lindi, kilomita 60 hivi, karibu na mto Mbwemkuru, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mdachi, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona huko mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi. Mwaka 1907 alikuja mtaalamu Eberhard Fraas kuitazama. Ilikuwa mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, wakati nchi hii ilipokuwa ufuko wa bahari.

Kutoka mwaka 1909 hata 1913 jumba la elimu la Berlin lilifanya kazi ya kuchimba. Wakubwa wa kazi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck. Lakini jembe na mtarimbo vilishikwa na watu wa nchi. Mwaka wa kwanza walikuwa kama 170. Baadaye walifika 500, na wengi waliishi pale pamoja na wake zao na watoto. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mwenye macho makali ya kuutambua mfupa na mikono myepesi ya kuutoa bila kuuvunja. Wageni walimtegemea sana, na baadaye Waingereza nao wakamtumia.

Fikirini kazi ile. Mifupa ilifungwa kwa mianzi iliyokatwa huku huku. Hapakuwa na motokaa, wala punda. Mifupa yote, zaidi ya tani 200, ilichukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu hata nne. Mfupa mzito ulitundikwa katika mti ukabebwa na watu wawili au zaidi. Safari za namna hiyo zilihesabiwa kwa maelfu. Tena msisahau mwaka: ilikuwa miaka michache tu baada ya njaa ya Majimaji. Kodi ilidaiwa, mashamba yalikuwa machache, na mshahara wa kuchimba na kuchukua mizigo ulikuwa njia moja ya kuilipa. Mifupa ile ilifika Ulaya kwa nguvu ya watu waliotoka katika njaa.

Mwaka 1937 mnyama mmoja aliunganishwa akasimamishwa katika jumba la Berlin. Urefu wake kwenda juu unapita mita 13, na hata leo watu wa mataifa yote huja kumtazama. Waingereza nao walichimba Tendaguru tangu 1924 hata 1931; mkubwa wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria Lindi mwaka 1925. Mifupa yao iko London.

Wengi wameuliza kama mifupa hiyo ingefaa kurudishwa, na hata Bungeni swali hilo limesemwa. Sisi hatutaki kuamua katika somo hili. Kila mwenye akili na apime. Ila twataka kuonyesha neno moja. Mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mmoja jina la Australodocus bohetii, kwa kumheshimu Boheti. Na mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia, kwa jina la Wamwera wenyewe. Basi jina letu limeandikwa katika vitabu vya elimu vya dunia, na huku kwetu pengine mtoto wa Mmwera hajapata kulisikia. Na wale mamia ya wachukuzi, ambao bila miguu yao hakuna mfupa ungaliona bahari? Wengi wao hawana jina katika kitabu chochote. Kama jina la mmoja wao lipo mahali, lipo katika nyumba ya wajukuu wake, nayo yaweza kuwa nyumba ya jirani yako.

6. TANGU VITA KUU HATA SIKU ZETU

Mengine tutayapitia kwa ufupi. Mwezi wa Oktoba 1917 kulikuwa na mapigano makali ya siku nne Mahiwa, karibu na Nyangao, kusini ya Rondo, kati ya majeshi ya Waingereza na ya Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walipita 2,000, miongoni mwao askari wengi waliotoka Nigeria. Wenyeji walichukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili, na chakula chao kililiwa na pande zote mbili.

Baada ya mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Nachingwea kwa matrekta, wakajenga reli kutoka Mkwaya, katika ghuba ya Lindi, na baadaye kutoka Mtwara. Kazi ya karanga ilishindwa, ikaachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Mwezi wa Aprili 1952 tufani kubwa iliupiga mji wa Lindi ikaua watu. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na Lindi ikawa mkoa mwaka 1971.

Jambo lililobadili sura ya vijiji vyetu kupita yote ni kuhamia vijijini katika miaka ya 1970. Watu waliokaa mbali mbali katika mashamba yao walikusanywa kandokando ya barabara. Shule na zahanati zikawa karibu. Lakini mikorosho na miembe ilibaki nyuma, pamoja na makaburi na majina ya mahali. Leo ukipita porini ukakuta miembe mikubwa imesimama kwa mstari pasipo nyumba, ujue ya kuwa hapo ni mahame, na palikuwa na watu. Siku hizi mazao ya biashara ya nchi hii ni korosho, ufuta na mbaazi, na mara nyingi mkulima hurudi kulima katika mahame yale yale, kwa kuwa ardhi yake bado njema.

7. KAZI YA MSOMAJI

Sasa imebaki kufungua kitabu cha tatu, nacho ndicho kinachofungwa upesi kuliko vyote, maana kila mzee afapo ukurasa mmoja huondoka. Twamshauri kila mwalimu, na kila mkubwa wa kijiji, anunue daftari moja tu la kijiji, afanye hivi:

Kwanza, aandike majina ya vilima, vijito, visima na mahame yote, pamoja na maana ya kila jina. Pili, aandike koo zilizofika kwanza, zilitoka wapi, na kwa nini zilichagua mahali pale. Tatu, awaulize wazee mambo waliyoyasikia kwa wazazi wao juu ya Majimaji, Tendaguru, vita vya Wadachi na kuhamia vijijini. Nne, asichanganye yale mzee aliyoyaona kwa macho na yale aliyosimuliwa. Ayaandike mbali mbali. Tano, wazee wawili wakisema maneno yanayopingana, ayaandike yote mawili, wala asimwaibishe yeyote. Sita, daftari liwe mawili: moja likae shuleni, la pili ofisi ya kijiji, kwa kuwa mchwa hawachagui.

Kazi hii haihitaji fedha za serikali wala mtaalamu wa kigeni. Wageni wamekwisha kuandika mawe yetu, mimea yetu, na mifupa iliyo chini ya mashamba yetu. Waliobaki kuandikwa ni watu, na mwenye kuwajua ni sisi.

MASWALI YA KUJARIBU

1. Taja mito miwili inayoifunga nchi iliyo nyuma ya Lindi, na magenge matatu yaliyo kati yake.
2. Kwa nini maji ni haba juu ya magenge, na hupatikana chini?
3. Eleza jinsi njaa ya baada ya Majimaji ilivyohusiana na kazi ya Tendaguru.
4. Boheti bin Amrani alikuwa nani, na jina lake limehifadhiwa namna gani?
5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu jina la mahame yaliyo karibu na kijiji, na nani alikaa hapo. Andika majibu yake pamoja na tarehe uliyomwuliza.